Daktari Burkitt: Mpasuaji Aliyeuliza Wagonjwa Wanatoka Wapi

Mara nyingi twadhani kwamba mtu anayetafuta chanzo cha maradhi makubwa kama saratani ni mtaalamu aliyejifungia katika maabara tangu ujana wake. Maisha ya Daktari Denis Burkitt, aliyefariki dunia mwaka 1993, yatufundisha vinginevyo. Huyu alikuwa mpasuaji wa hospitali za Uganda, tena aliyepata kuvaa sare ya jeshi. Aliingia katika uchunguzi wa saratani kwa sababu moja tu: kisu chake kilishindwa kuokoa watoto.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi ambaye, baada ya kazi, aliwafunga ndege wadogo pete miguuni na kuchora ramani ya mahali alipokaa kila mmoja. Mwana huyo, akiwa na umri wa miaka 11, alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto wa shule, akapoteza jicho moja. Alipofika chuo kikuu mjini Dublin alianza uhandisi kama baba yake, lakini imani yake ya Kikristo ikamshawishi kuwa wito wake ni kutibu watu. Akageukia udaktari, akahitimu mwaka 1935.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Jeshi halikumkataa. Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliingia katika kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza, na utumishi huo ukamfikisha Kenya, nchi ya Wasomali na Ceylon. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, katika wilaya ya Lango, Uganda.

Huko Lira ndiko ilikojitokeza tabia iliyomtofautisha na wengi. Aliwapasua wanaume wengi wenye busha, naye akaona kwamba sehemu moja ya wilaya ilileta wagonjwa wengi kuliko nyingine. Daktari mwingine angaliandika idadi na kuendelea na kazi. Burkitt alichukua ramani akaweka alama. Baadaye, mwaka 1948, alihamishiwa hospitali ya Mulago, mjini Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake, Daktari Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto wa kiume mwenye uvimbe katika pande zote mbili za taya, juu na chini. Hakuwa amepata kuona jambo kama hilo. Baada ya muda mfupi, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto wa kike amekaa na mama yake, uso umevimba vivyo hivyo. Alipompima akakuta na tumbo limeota uvimbe. Mtoto mmoja huenda akawa ajabu. Wawili walikuwa dalili. Alipopekua majalada ya hospitali akakuta wengine wengi. Uvimbe huo waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kuukata hakukusaidia kitu, na wazazi walirudi nyumbani na maiti.

Hapo ndipo tunapoiona sababu ya safari yake yote. Hakuwa na maabara kubwa wala fedha nyingi. Alikuwa na swali: watoto hawa wanatoka wapi, na wapi hawatoki? Mwaka 1958 alichapisha taarifa yake ya kwanza. Akapeleka picha na maswali katika mamia ya hospitali za Afrika. Kisha mwezi Oktoba 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, akapanda gari kuukuu, wakasafiri maili 10,000 kwa wiki kumi, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika waliuliza swali lile lile, wakaandika jibu katika ramani. Askari aliyewahi kutumwa kupeleleza nchi asiyoijua ataitambua kazi hiyo.

Ramani ilisema kwamba ugonjwa huo hupenda nchi zenye joto na mvua. Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, haukuonekana kwa kawaida. Sisi wa pwani ya Tanganyika twaweza kuielewa kanuni hiyo kwa macho yetu. Rumonge, penye michikichi na joto, iko karibu na usawa wa ziwa, mita 770 hivi juu ya bahari. Lakini anayepanda hadi Bururi hufika penye baridi, zaidi ya mita 1,800, na mbu hupungua njiani. Kwa kanuni ya Burkitt, ufuko wetu uko ndani ya mpaka wa ugonjwa huo, na milima iliyo juu yetu iko nje.

Ramani ikazaa matunda. Mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara mjini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Daktari Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikapelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakaona ndani yake virusi ambavyo havijapata kujulikana. Vilikuwa virusi vya kwanza kutambuliwa kuwa chanzo cha saratani ya binadamu. Leo inajulikana pia kwamba virusi hivyo peke yake havitoshi, kwani watu wengi duniani wanavyo bila kuugua. Malaria inayomrudia mtoto mdogo mara kwa mara ndiyo inayovifungulia njia.

Aidha, Burkitt hakungoja chanzo kijulikane ndipo atibu. Aliwapa watoto dawa mpya za saratani, na baadhi yao, waliokuwa wakihesabiwa kuwa wamekwisha, wakapona kabisa. Aliondoka Uganda mwaka 1966, akaendelea kuchunguza kwa nini maradhi fulani hukaa kwa watu fulani, hata alipofariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Ndugu askari na polisi, wengi wetu tunaishi na watoto wetu kambini, kandokando ya ziwa. Tukiona taya la mtoto limevimba, meno yakalegea, au tumbo likakua kwa haraka, tusingoje mwisho wa wiki wala kutafuta mchawi. Tumpeleke hospitali siku ile ile, kwani ugonjwa huu hutibika ukiwahiwa. Na usiku tusimlaze nje ya chandarua. Kwa jicho moja Burkitt aliona kilichowapita wenye mawili, kwa kuwa hakukubali kwamba kifo cha mtoto ni jambo la kuandikwa katika daftari na kusahauliwa.