Muyaka bin Haji na Shairi Lililotungwa Liimbwe

Wanafunzi wanaosoma Muziki katika shule zetu za upili hufundishwa habari za enzi moja ya Ulaya iitwayo enzi ya Klasiki, takriban kati ya mwaka 1750 na 1820. Husomeshwa juu ya Haydn, Mozart na Beethoven, na hutakiwa kupambanua baina ya sonata na simfoni, baina ya rondo na kwateti ya nyuzi. Kengele ikilia, wanafunzi hao hao hutoa daftari la Kiswahili na kuanza kuhesabu mizani ya shairi la Muyaka. Ni nadra mwalimu kuwaambia kwamba masomo hayo mawili yana udugu, na kwamba Muyaka bin Haji, aliyezaliwa Mombasa karibu na mwaka 1776, alikuwa mdogo wa Beethoven kwa miaka ipatayo sita tu. Wakati mabwana wale walipokuwa wakiisimamisha mitindo yao mjini Vienna, pwani yetu nayo ilikuwa na bingwa aliyekuwa akilisimamisha shairi. Naye alilitunga liimbwe.

Nayaandika haya nikiwa mwenyeji wa Keringet, mahali palipo mbali na bahari kwa kila hali. Kwetu ni nyanda za juu za Mau, nchi ya baridi, ya majani chai, pareto na viazi. Mtoto wa huku huzungumza Kikipsigis nyumbani, na jina la Muyaka hukutana nalo darasani, aghalabu likiwa limefungamana na mtihani. Huambiwa ahesabu mizani, ataje vina, aonyeshe kituo, kisha apewe alama. Kwa njia hiyo mtu aliyekuwa na sauti, maadui, wapenzi na madeni amegeuzwa kuwa jedwali la hesabu. Kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma, kwa Muyaka na kwa mwanafunzi pia, na ndiyo iliyonisukuma niyasimulie maisha yake.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alizaliwa katika mji uliokuwa ukijitawala kwa ubishi. Mombasa ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui, wenye asili ya Oman, ambao tangu miaka ya 1740 walikuwa wamekataa kuwatii watawala wapya wa Oman wa ukoo wa Busaidi. Ngome ya Yesu ilikuwa makao ya liwali. Nyuma yake ulikuwapo mji wa Waswahili, wenye mitaa, misikiti, majahazi na midomo isiyolala. Muyaka alikuwa mtu wa mji huo. Alijua biashara na safari za baharini, alijua kupata na kukosa, na yote hayo yamo katika mashairi yake.

Kabla yake ushairi mwingi wa Kiswahili ulioandikwa ulikuwa wa dini, nao ulitoka zaidi katika visiwa vya kaskazini. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, na katika zama za Muyaka mwenyewe Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliitunga Al-Inkishafi, akiomboleza fahari ya Pate iliyoporomoka. Hizo ni kazi kubwa, tena ndefu, za wanazuoni. Shairi la mishororo minne nalo lilikuwapo, kwa hiyo tusiseme kwamba Muyaka alilibuni. Alichofanya ni kulitwaa umbo hilo fupi akalitia mambo yote ya mjini: siasa, mapenzi, ugomvi wa nyumba, njaa, mafumbo, maswali ya wenye hekima na matusi ya wenye hasira. Wahakiki wamezoea kusema kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Neno hilo limekwisha kuchakaa kwa kurudiwa, lakini sijapata lililo bora kuliko hilo.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Haydn. Yeye naye hakubuni kila kitu. Alizaliwa mwaka 1732, na kuanzia mwaka 1761 alikuwa mtumishi wa ukoo wa kitajiri wa Esterházy, akitunga muziki kwa ajili ya jumba la bwana wake. Alipofunguliwa kidogo, mwaka 1790, alikwenda London, na huko simfoni zake zikapigwa mbele ya watu walionunua tikiti mlangoni. Miundo aliyoirithi aliinyosha na kuikaza hata ikawa kama njia iliyokanyagwa, ambayo msikilizaji wa kawaida angeweza kuifuata bila kupotea. Katika sonata mada hutangazwa, huchokonolewa, kisha hurudi nyumbani. Katika rondo kipande kimoja hurejea tena na tena baina ya vipande vigeni, na sikio hukingoja kama mgeni aliyeahidi kuja.

Sasa litazame shairi la Muyaka. Mishororo ni minne. Kila mshororo una mizani 16, iliyogawanywa nane kwa nane. Pana kina cha kati na kina cha mwisho. Mshororo wa mwisho mara nyingi hurudi vile vile katika kila ubeti. Mwalimu huuita kibwagizo, mwanamuziki wa rondo angeutambua mara moja. Pumziko la katikati ya mshororo ndipo mwimbaji anapovuta pumzi. Kina cha kati humjulisha msikilizaji kwamba nusu ya safari imekwisha, na kina cha mwisho humrudisha pwani. Sisemi kwamba Mombasa ilijifunza kwa Vienna au Vienna kwa Mombasa, hawakujuana. Nasema kwamba pande zote mbili palikuwa na watu walioimbia umma, na umma hutaka umbo ambalo sikio linaweza kulishika.

Umbo hilo Muyaka alilifanya silaha. Karibu na mwaka 1812 Mombasa, ikiwa na washirika wake wa Pate, iliingia vitani na Lamu. Malenga wa pande zote mbili walirushiana tungo kabla ya watu kurushiana risasi. Upande wa Lamu palikuwa na Zahidi Mngumi, naye hakuwa mchache wa maneno. Jeshi la Mombasa na Pate liliteremka Shela likashindwa vibaya. Inasimuliwa kwamba waliokimbilia majahazi yao waliyakuta yamekwama mchangani, maana maji yalikuwa yamekupwa. Lamu, kwa kuhofia kisasi, ikamwomba ulinzi Seyyid Said wa Oman, na hapo mlango ukafunguka ambao Mombasa haikuweza kuufunga tena.

Mwaka 1814 Abdallah bin Ahmed akawa liwali wa Mombasa. Muyaka alikuwa mtu wake wa karibu, na ushujaa wa bwana huyu ulimpendeza. Habari moja husimuliwa juu yake: Seyyid Said alipongoja salamu za utii kutoka Mombasa, Abdallah alimpelekea vazi la chuma la vita, baruti kidogo na kibaba cha kupimia. Mshairi anayemtumikia mtawala wa namna hiyo hahitaji kutafuta mafumbo. Katika tungo zake za siasa Muyaka huwachochea watu wa Mvita, huwadhihaki wenye kusitasita, na humcheka adui kwa kumfananisha na wanyama na vyombo vya baharini, hata mtu asiyezijua habari zenyewe hujikuta akitabasamu.

Abdallah alifariki mwaka 1823. Mwaka uliofuata Mazrui waliomba himaya ya Waingereza, na Kapteni Owen akapandisha bendera yake. London haikukubali, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Seyyid Said akaja mwenyewe na merikebu zake mwaka 1828, kisha majeshi yake yakarudi tena na tena. Mombasa ilikataa mpaka Mazrui wenyewe walipogawanyika. Mwaka 1837 mji ukaanguka, na wakuu wao wakakamatwa wakapelekwa uhamishoni Ghuba ya Uajemi. Muyaka, aliyekuwa ameimba juu ya mji usioshindika, alikuwa na umri wa miaka ipatayo sitini. Alifariki mwaka 1840, chini ya utawala aliokuwa ameupinga maisha yake yote.

Pamoja na hayo, mashairi ya vita siyo ninayoyapenda zaidi. Yanahitaji maelezo mengi, na chuki ya mji kwa mji hupoa baada ya miaka mia mbili. Ninayoyarudia ni yale ya nyumbani: mume anayelalamika, mpenzi aliyepuuzwa, mtu aliyeishiwa ambaye marafiki zake wameanza kupitia mtaa mwingine. Humo Muyaka haonyeshi ubingwa; huzungumza tu, na mizani 16 humtosha kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Jambo la kushangaza ni kwamba tunayo mashairi hayo. Mtungaji alikufa mwaka 1840. Katika miaka ya 1880 Mwingereza William Taylor, mmisionari aliyeipenda lugha ya Mombasa kuliko wengi wa wenzake, alianza kuyakusanya. Msaidizi wake mkuu alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, ambaye jina lake lilimsingizia, kwa kuwa alijua sana. Aliyapata kutoka kwa wazee, akayaandika kwa herufi za Kiarabu na kuyafafanua. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Kama Taylor angekawia miaka michache, hazina ile ingezikwa pamoja naye. William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka mjini Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 mwanaisimu wetu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Mohamed Abdulaziz, akatoa kitabu chake kikubwa juu ya malenga huyu. Maandishi ya Taylor yamo London katika maktaba ya SOAS.

Nani basi aliyeyahifadhi mashairi kwa zaidi ya miaka arubaini, tangu kifo cha Muyaka hadi kalamu ya Mwalimu Sikujua? Ni vina na mizani. Neno likipotea katika shairi la arudhi, pengo husikika papo hapo; kina humkumbusha mwimbaji kinachofuata. Ndugu zangu watetezi wa mashairi huru, ambao baadhi yao nawaheshimu sana, hupenda kuziita kanuni hizo minyororo. Huenda ni minyororo kwa mtu aliye na karatasi na kalamu. Kwa watu walioyabeba mashairi vichwani mwao zilikuwa mishipi ya kufungia mzigo.

Lipo pia suala la lugha. Muyaka alitunga kwa Kimvita, wakati ambapo lahaja hiyo haikumwomba radhi mtu yeyote. Mwaka 1928 mkutano wa kusanifisha Kiswahili uliteua Kiunguja kuwa msingi, na mkutano huo ulifanyika Mombasa kwenyewe! Tangu hapo mwanafunzi hukutana na mato badala ya macho, akadhani ni makosa au ni uhuru wa mshairi. Mwalimu na aeleze mapema kwamba hiyo ilikuwa lugha timamu ya mji timamu.

Katika shule moja huku kwetu niliwahi kuwaomba wanafunzi waache kuhesabu, waimbe. Niliandika beti ubaoni, nikamteua msichana mmoja aongoze na wengine wapokee kibwagizo, kama ilivyo katika nyimbo za Kikipsigis ambamo mmoja hutangulia na kundi likaitikia. Mshororo mmoja nilikuwa nimeupunguza mizani moja kwa makusudi. Mwimbaji alipoufikia alijikwaa, darasa zima likacheka, na mvulana wa nyuma akasema pameibwa kitu. Hakuwa amehesabu chochote.

Pwani utamaduni huo haujafa. Katika karne ya ishirini Ahmad Nassir Juma Bhalo alitunga Mombasa kwa arudhi ile ile, na binamu yake Juma Bhalo akayaimba mashairi yake katika taarabu, kwa udi na fidla, hata watu wasiojua kusoma wakayahifadhi. Anayetaka kujua shairi la Kimvita lilivyosikika kinywani mwa mwimbaji na aanze hapo. Kwa upande wa Muyaka mwenyewe tumebaki na nusu. Haydn aliacha nota, kwa hiyo kwateti zake 68 hupigwa leo kama zilivyoandikwa. Diwani la Muyaka lililochapishwa lina maneno matupu, na mahadhi aliyoyaimbia katika mitaa ya Mvita hayamo ndani yake.