Sarakasi Ilianza na Farasi

Maneno husafiri kama watu, na safarini hupoteza baadhi ya mizigo yao. Neno sarakasi ni mfano mwafaka. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya duara. Waingereza walilichukua, Wahindi wakalitamka sarkas, nasi yamkini tukalipokea kwa njia hiyo na kulitia irabu zetu. Leo hii mwulize mwanafunzi yeyote hapa Tawa maana ya sarakasi, naye atakutajia vijana wanaopinda viungo, wanaopanda mabegani mwa wenzao na kupita katikati ya pete za moto. Hatamtaja farasi. Ilhali farasi ndiye chanzo cha mchezo huo, na duara lenyewe lilichorwa kwa ajili yake.

Aliyelichora aliitwa Philip Astley. Alizaliwa Januari 1742 katika mji wa Newcastle-under-Lyme, Uingereza, mwana wa seremala wa samani. Baba alitaka mwanawe arithi randa na msumeno, lakini moyo wa kijana ulikuwa kwa farasi. Akiwa na umri wa miaka 17 alijiunga na kikosi cha askari wapanda farasi, akapigana katika Vita vya Miaka Saba barani Ulaya, akapanda cheo hadi kuwa sajini meja. Alikuwa mtu wa miraba minne mwenye sauti ya radi. Alipoliacha jeshi mwaka 1766, alitoka na farasi mweupe, zawadi ya kamanda wake.

London ya siku hizo haikukosa watu waliojipatia riziki kwa kuonyesha ustadi wa kupanda farasi. Mwaka 1768, Astley na mkewe Patty, ambaye pia alikuwa hodari wa kupanda, walifungua uwanja wao huko Lambeth, kusini mwa mto Thames. Asubuhi alifunza watu kupanda farasi. Alasiri alitoa maonyesho. Hakuwa wa kwanza kumzungusha farasi, ila ndiye aliyelifanya duara kuwa darasa na jukwaa kwa wakati mmoja. Farasi anapozunguka, watazamaji humwona muda wote, na nguvu za mzunguko humsaidia mpandaji kusimama wima juu ya mgongo wake. Hatimaye kipenyo cha duara hilo kilikuwa futi 42, yaani takriban mita 13. Kipimo hicho kingali kinatumika katika sarakasi duniani kote.

Watu walimpenda Astley kwa mbio zake, lakini walimpenda zaidi farasi wake mdogo aliyeitwa Billy. Mnyama huyo alijilaza akijifanya amekufa, akafufuka kwa amri. Aliweza pia kuitoa birika motoni na kuandaa vyombo vya chai. Hakuwa na mtu mgongoni. Hapo ndipo tunapoiona mbegu ya sanaa ambayo baadaye ilikuja kuwa fahari ya sarakasi: farasi huru, wakubwa kwa wadogo, wanaotii bila mpandaji wala mtu wa kuwashika hatamu.

Naomba msomaji aitafakari kazi hiyo. Mkufunzi husimama katikati, akiwa na mjeledi mrefu mkono mmoja na mfupi mkono wa pili. Mijeledi hiyo ni mikono iliyorefushwa, haikusudiwi kuchapa: mmoja huonyesha nyuma ya farasi ili aende, mwingine huonyesha mbele yake ili apunguze mwendo. Mkufunzi akisogea kuelekea bega, farasi husita. Akisogea kuelekea kiuno, farasi husonga mbele. Kila mmoja hufunzwa kwanza peke yake, kwa kamba ndefu, kwa vipindi vifupi. Kila mmoja ana jina lake na nafasi yake katika msafara. Akitenda vyema hupewa kipande cha karoti papo hapo, ili asikosee ni kitendo gani kilichompendeza mwalimu.

Mimi kama mwanaisimu sioni hapo ila lugha. Kuna ishara, kuna maana, na kuna makubaliano baina ya pande mbili. Mwalimu naye hana budi kusoma, kwani masikio ya farasi hueleza hofu kabla miguu haijakimbia.

Mwaka 1770 Astley aliongeza wanasarakasi, watembea kambani na mchekeshaji, ili watazamaji wasichoke kati ya mchezo na mchezo. Hao waliokuwa vijazio ndio waliobaki na jina kwetu. Jina lenyewe hata halikuwa lake: mwaka 1782 mpinzani wake, Charles Hughes, alifungua ukumbi jirani akauita Royal Circus. Mwaka huo huo Astley alifungua ukumbi mjini Paris. Ukumbi wake wa London uliteketea mwaka 1794, akaujenga. Ukateketea tena mwaka 1803, akaujenga tena. Alifariki Paris mwaka 1814, akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise.

Si kwamba sarakasi yote ilikuwa na upole. Wanyama wengi waliteswa humo, na ndiyo sababu Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2019 ya kupiga marufuku wanyama wa mwituni katika sarakasi zinazosafiri. Lakini uovu wa wengine haufuti ukweli kwamba mnyama hufunzika bila kipigo. Hata humu nchini tuna kielelezo. Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyefika Nairobi mwaka 1900, aliwazuru wagonjwa wake akiwa amepanda punda milia aliyefugwa akafugika, mnyama ambaye wengi walimdhania hafugiki kamwe.

Nayasema haya kwa sababu hapa Tawa, na kote Ukambani, punda ndiye bomba letu la maji. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 mgongoni mwake, akipanda mlima kutoka mtoni, na mara nyingi malipo yake ni fimbo kiunoni. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Ni uamuzi wa busara, lakini hakuna mkutano wa marais utakaomlinda punda dhidi ya mkono wa mwenyewe.

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo hatuna budi kuvitenganisha. Kuswaga ni kumfukuza mnyama kutoka nyuma. Kuongoza ni kumfanya akufuate. Astley aliishi kwa kitenzi cha pili, na alikuwa askari mkali wala si mtakatifu. Wazazi wenzangu wanaowatuma watoto mtoni na punda wangeweza kuanza na mambo matatu yasiyogharimu chochote: wampe mnyama jina moja asilobadilishiwa, watumie neno lile lile kila wanapomtaka asimame, na wamtue mzigo kila wanapongoja foleni. Fimbo inaweza kubaki mikononi mwao, ilimradi iwe ya kuonyeshea njia.