Beryl Markham: Binti wa Njoro aliyejifunza ubingwa katika banda la farasi

ULIMWENGU unamkumbuka Beryl Markham kwa jambo moja alilolifanya kwa muda wa zaidi ya saa 20: kuvuka bahari ya Atlantiki kwa ndege akiwa peke yake mwaka 1936. Nchini Kenya, hata hivyo, kazi iliyomlisha kwa sehemu kubwa ya maisha yake haikuwa ya angani. Ilikuwa kazi ya kufunza farasi, aliyoianza akiwa mtoto na kuirejelea alipokaribia uzee.

Kwa mkazi wa Kisumu, habari za farasi huenda zikaonekana kuwa za mbali. Anayekwenda soko la Kibuye siku ya Jumapili hupishana na mikokoteni, baiskeli na pikipiki za bodaboda, si wapanda farasi. Hali hiyo ina sababu yake. Mbung'o na maradhi ya nyanda za joto yalikuwa adui mkubwa wa farasi, na ndiyo maana walowezi waliowaleta wanyama hao waliwafuga katika nyanda za juu zenye baridi.

Lakini reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, wakati mji huo ukiitwa Port Florence, ndiyo iyo hiyo iliyopita Nakuru, Njoro na Molo. Ni kandokando ya reli hiyo ya kwenda ziwani ambako Beryl alilelewa, akajifunza kazi, akapoteza makao yake na kuanza upya.

Alizaliwa Oktoba 26, 1902, katika kijiji cha Ashwell, eneo la Rutland, Uingereza. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mwanajeshi wa zamani na mjuzi wa farasi wa mashindano. Mnamo 1904 alikuja Afrika Mashariki kutafuta riziki, akafanya kazi kwa mlowezi mashuhuri, Lord Delamere, kisha akapata shamba lake mwenyewe Njoro.

Bonde la Ufa halikuwa nchi isiyo na wenyewe. Katika mwaka uo huo wa 1904, mkataba baina ya serikali ya kikoloni na Wamaasai uliwahamisha wenyeji kutoka sehemu kubwa za bonde hilo ili kuwapisha walowezi. Neema ya mashamba ya Wazungu, yakiwemo mabanda ya farasi ya Clutterbuck, ilijengwa juu ya msingi huo.

Mamake Beryl, Clara, hakuyastahimili maisha ya shambani. Mwaka 1906 alirudi Uingereza pamoja na mwanawe wa kiume, Richard. Binti huyo, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitano, aliachwa Njoro na baba aliyeshughulika na kinu cha unga, mbao na farasi kutwa kucha.

Malezi yake kwa hiyo yalikuwa mikononi mwa wafanyakazi wa shamba, wengi wao wakiwa wa jamii ya Wakalenjin. Alijifunza Kiswahili na lugha yao, akatembea bila viatu, na akafuatana na wawindaji porini akiwa na mkuki wake, jambo ambalo wasichana wa jamii hiyo wenyewe hawakuruhusiwa kulifanya. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa alijulikana kama arap Ruta. Jina hilo la arap Ruta halina budi kushikwa, kwa kuwa litarejea.

Shule yake ya kwanza ilikuwa banda la farasi. Clutterbuck hakuwa mtu wa kumbembeleza mtoto. Alimtaka binti yake aamke alfajiri pamoja na masaisi, awalishe wanyama, awapige brashi, akague kwato zao na kuwapeleka mazoezini kabla jua halijawa kali.

Anayeanza kupanda farasi hudhani kwamba kazi yote ni kushika hatamu. Wajuzi husema sivyo. Jambo la kwanza ni kukaa: mgongo wima, uzito katikati ya tandiko, miguu imetulia katika vikuku, na mikono laini isiyovutavuta. Lijamu hukaa mdomoni mwa farasi juu ya ufizi usio na meno, mahali penye maumivu mengi. Mpandaji asiyeweza kujisawazisha kwa kiwiliwili chake huning'inia kwenye hatamu, na kila anapoyumba humwumiza mnyama. Farasi anayeumizwa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kukataa.

Ndivyo ilivyo pia katika kumfunza farasi mchanga. Kwanza huzungushwa kwa kamba ndefu hadi azoee sauti ya mwalimu. Kisha huzoeshwa lijamu, baadaye tandiko, na hatimaye uzito wa mtu. Hufundishwa kwenda hatua, kisha matiti, na mwisho kabisa kwenda shoti. Anayeruka daraja moja ya mafunzo hayo hulipia baadaye, kwa farasi aliyevunjika moyo au mpandaji aliyevunjika mkono.

Misingi hiyo ni mikongwe. Mgiriki Xenophon aliiandikia kitabu zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akipinga matumizi ya nguvu na hasira. Ndiyo pia inayotumika katika mchezo wa dresaji, ambapo farasi huenda kwa madaha akitii ishara ndogo za mpandaji, ishara ambazo mtazamaji huenda asizione kabisa. Beryl hakuwahi kujulikana kwa mchezo huo. Fani yake ilikuwa mbio. Lakini mlango wa kuingilia ni ule ule mmoja.

Katika kitabu chake cha kumbukumbu, West with the Night, anasimulia jinsi farasi dume mwenye kiburi aitwaye Camciscan, aliyeletwa kutoka Uingereza, alivyokuwa mtihani wake mkubwa utotoni. Mtoto alitaka kumshinda kwa ukali, naye farasi hakukubali kushindwa. Amani ilipatikana baada ya kila mmoja kujua mpaka wa mwenzake.

Kitabu hicho kinasimulia vilevile usiku ambao jike aitwaye Coquette alijifungua mtoto mikononi mwa Beryl, naye babake akampa mtoto huyo awe wake. Alimpa jina Pegasus, farasi mwenye mabawa wa hadithi za Wagiriki.

Masomo ya darasani hayakumkaa. Alipelekwa shuleni Nairobi, lakini hakudumu, akafukuzwa na kurejea Njoro. Mnamo Oktoba 1919, kabla hajatimiza umri wa miaka 17, aliozwa Kapteni Jock Purves, mlowezi aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Ndoa hiyo haikuwa na raha wala haikudumu. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba kitabu chake hakimtaji mumewe huyo.

Ndipo msiba mwingine ukabisha hodi. Mvua ilikatika, na babake alikuwa amekwisha kujifunga kwa mikataba ya kuuza unga kwa bei isiyobadilika. Nafaka ilipoadimika na kupanda bei, alilazimika kuinunua kwa bei ya juu na kuuza unga wake kwa hasara. Aliitimiza mikataba hiyo kwa uaminifu, nayo ikamfilisi. Shamba liliuzwa, farasi wakapigwa mnada, na Clutterbuck akasafiri hadi Peru kutafuta kazi ya kufunza farasi.

Beryl alikataa kumfuata. Alikuwa msichana wa miaka 18 hivi, bila nyumba, bila fedha na bila elimu ya vitabuni. Alichokuwa nacho ni Pegasus na ujuzi aliopata bandani. Anasimulia kwamba alimtandika farasi huyo, akafunga mizigo yake michache na kushika njia ya kwenda Molo, penye baridi kali, kuanza kazi ya kufunza farasi wa watu.

Baada ya muda mfupi alipewa leseni ya ufunzaji, akawa mwanamke wa kwanza kuipata nchini Kenya. Uzito wa jambo hilo huonekana mtu akitazama kwingineko. Nchini Uingereza, nchi iliyojivunia kuwa chimbuko la mbio hizo, wanawake waliofunza farasi walilazimika kuwasajili kwa majina ya wanaume, wakati mwingine saisi wao wenyewe. Leseni hawakuipata hadi mwaka 1966, baada ya Florence Nagle kulipeleka suala hilo mahakamani. Katika Michezo ya Olimpiki, wanawake hawakuruhusiwa kushindana katika dresaji hadi mwaka 1952 mjini Helsinki.

Hata hivyo, leseni haikuwa dawa ya dharau. Wamiliki wengi walisita kumkabidhi msichana farasi wa thamani. Aliyemjia Molo na kuamua kufanya kazi naye alikuwa arap Ruta, yule rafiki wa utotoni. Tangu hapo alikuwa msaidizi wake mkuu bandani, na baadaye katika safari za ndege.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1926. Beryl alikuwa amemfunza farasi dume aitwaye Wrack kwa ajili ya mbio za St Leger mjini Nairobi. Wiki chache kabla ya mashindano, kwa mujibu wa kitabu chake, mwenye farasi alishawishika kwamba mnyama huyo hawezi kuachwa mikononi mwa msichana, akamwondoa na kumpa mfunzaji mwingine.

Beryl alibaki na Wise Child, jike mwenye damu nzuri lakini miguu mibovu. Kano zake zilikuwa zimeharibika kwa kufunzwa mbio kabla ya wakati. Kumkimbiza kwenye ardhi ngumu kungemmaliza. Mfunzaji huyo alimpeleka kwenye ufuo wa Ziwa Nakuru, penye udongo laini miongoni mwa heroe, akamjenga polepole siku baada ya siku. Siku ya mbio, akiwa amepandwa na Sonny Bumpus, Wise Child alimshinda Wrack.

Ushindi huo ulimfungulia milango. Mwaka 1927 aliolewa na Mansfield Markham, ambaye jina lake alilibeba hadi kufa, na mwaka 1929 akamzaa mwanawe wa pekee, Gervase. Ndoa hiyo nayo ilivunjika, na mtoto akalelewa Uingereza na jamaa za baba. Aliyeachwa na mama utotoni akawa naye ni mama aliyeishi mbali na mwanawe. Waandishi wa maisha yake hawajaacha kulitaja doa hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, usafiri wa ndege ulikuwa umeanza kushika kasi Afrika Mashariki. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari zilizotua Kisumu na Mwanza. Beryl alifundishwa urubani na Tom Campbell Black, akapata leseni ya rubani wa biashara, na akafanya kazi ya kubeba barua, abiria na kuwatafutia wawindaji ndovu kutoka angani.

Mnamo Septemba 4, 1936, aliondoka Abingdon, Uingereza, kwa ndege aina ya Percival Vega Gull. Siku iliyofuata, injini ikiwa imekosa mafuta, aliiangusha kwenye matope ya Baleine Cove, Nova Scotia, nchini Kanada. Hakufika New York alikokusudia, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini, akipambana na upepo wa mbele.

Kitabu chake kilichapishwa Marekani mwaka 1942, kikasifiwa na kusahaulika upesi, vita vikiwa vimepamba moto. Baadaye ulizuka ubishi iwapo aliyekiandika ni yeye au mumewe wa tatu, Raoul Schumacher. Ubishi huo haujaisha.

Karibu mwaka 1950 alirudi Kenya mikono mitupu, akiwa anakaribia umri wa miaka 50. Kama ilivyokuwa Molo, hakuwa na kitu ila kazi aliyofunzwa utotoni. Katika miongo miwili iliyofuata akawa mfunzaji wa kuogopwa, na farasi wake walitwaa taji la Kenya Derby mara sita.

Uzeeni ufukara ulimwandama tena. Klabu ya mbio za farasi ilimpa nyumba ndogo katika uwanja wa Ngong, Nairobi, na humo akaishi akiwasikia farasi wakipita mazoezini kila alfajiri. Mwaka 1983 kitabu chake kilichapishwa upya Marekani na kuuzwa kwa wingi, naye akaonja tena nafuu na sifa. Alifariki dunia Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83, mwezi mmoja tu kabla ya kutimia miaka 50 tangu avuke Atlantiki.

Jina lake limehifadhiwa katika vitabu na katika orodha za washindi. Wa masaisi walioamka naye gizani, wakawapoza farasi wagonjwa na kuwatembeza wachanga kwa kamba, wengi hawakuandikwa popote. Arap Ruta ni miongoni mwa wachache waliobahatika kutajwa, na kutajwa kwake ni kwa sababu aliyekuwa akiandika ni mtu aliyejifunza kazi hiyo kando yake.