Kano Jigoro na Mkanda Mweusi

Wanafunzi wengi hapa shuleni hudhani kwamba mkanda mweusi wa judo ni jambo la kale mno huko Ujapani. Sivyo. Asili yake ni mwalimu mmoja wa shule, tena mtu mfupi, jina lake Kano Jigoro.

Alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na Kobe, ambako jamaa zake walikuwa wakitengeneza pombe ya mchele. Mama yake alipofariki, baba yake akamhamishia Tokyo akasome, na baadaye akatiwa katika shule ya bweni. Masomo aliyaweza, lakini mwili wake ulikuwa mdogo, na wakubwa wakamwonea. (Ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza watamwelewa.) Akatamani kujifunza jujutsu, mieleka ya kale ambayo kwayo mnyonge aweza kumwangusha mwenye nguvu. Watu wazima aliowaomba wakamwambia wakati wa mambo hayo umepita.

Mwaka 1877 aliingia Chuo Kikuu cha Tokyo, na ndipo alipompata mwalimu, Fukuda Hachinosuke. Mzee huyu hakuwa mtu wa maelezo. Kano alipouliza mtupo fulani hufanywaje, alitupwa chini. Akiuliza tena, hutupwa tena. Palikuwa na mwanafunzi mwenzake, pandikizi la mtu, ambaye Kano hakumweza kabisa. Akaenda kusoma vitabu vya mieleka ya Ulaya, akaona namna ya kumbeba mtu mabegani, akaijaribu, na yule pandikizi akaanguka kama gunia.

Mwaka 1882 alifungua chuo chake, Kodokan, katika hekalu la Eishoji, kwenye chumba cha mikeka 12. Hapo zamani walimu wa jujutsu waliwapa wanafunzi hati za kukunja, nazo ni chache, na kati ya moja na ya pili ilipita miaka mingi. Kano aliona kwamba anayejifunza huvunjika moyo asipojua amefika wapi. Basi akaweka ngazi ziitwazo dan. Mwaka 1883 Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro walipewa ngazi ya kwanza, na baadaye mkanda mweusi ukawa alama yake. Yeye mwenyewe hakuwa na dan, maana nani angempima?

Ngazi hizo hazikugawanywa kama peremende. Katika mashindano ya Wekundu na Weupe, yaliyoanza mwaka 1884, mshindi haondoki uwanjani. Humkabili wa pili, na wa tatu, mpaka ashindwe au watoke sare. Aangushaye wengi huweza kupandishwa siku ile ile. Lakini nguvu peke yake haitoshi. Hata leo anayetaka ngazi ya kwanza Kodokan huonyesha pia makundi matatu ya mwanzo ya Nage no Kata, yaani mitupo 9 kati ya 15, kwa utaratibu kamili. Mikanda ya manjano na kijani ya wanaoanza ilienea kutoka Ulaya.

Mwaka 1909 Kano akawa Mwasia wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka 1938 alifika Cairo kwenye mkutano wake, kutetea michezo ya 1940 ifanyike Tokyo. Akirudi nyumbani kwa meli Hikawa Maru, alifariki baharini tarehe 4 Mei. Mwaka huo huo Ujapani iliiacha michezo hiyo kwa sababu ya vita, na judo ikaingia Olimpiki mwaka 1964, mjini Tokyo.