Chali wa Dar Aliyeigiza Muvi za Wajerumani, Malipo Yake Ikawa Kambi ya Mateso

Buda, jioni hapa Mogogosiek, majani chai ikishapimwa, kibanda cha video hujaa hadi mlangoni. Ikiwekwa muvi ya msituni, mzungu ndiye staa. Msee mweusi yuko nyuma amebeba mzigo, hata jina hana. Leo nakupa stori ya mmoja wa hao wa nyuma.

Anaitwa Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, Tanganyika ikiwa koloni ya Ujerumani. Mzee wake alikuwa askari wao. Vita Kuu ikianza 1914, Husen naye akaingia jeshini. Miaka 10! Wewe hiyo age ulikuwa unacheza bano.

Wajerumani wakapigwa, wakahepa na deni la mishahara. Husen hakusahau. 1929 akafika Berlin, akadai doh yake na ya mzee. Wakamwambia amechelewa.

Hakurudi. Akahustle: weita, msaidizi wa kufunza Kiswahili chuoni, halafu muvi. Aliigiza zaidi ya 20, mara nyingi kama mtumishi wa mzungu. 1934 akatokea kwa Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, muvi kuhusu vita ile ile aliyopigana akiwa mtoto. Cheki hiyo: walikuwa na doh ya kuigiza vita, lakini ya kumlipa askari wake hawana.

1933 alikuwa ameoa manzi Mjerumani, na mwaka huo huo Hitler akaingia. Ngori ikaanza. Muvi zikabaki kati ya kazi chache mtu mweusi angepata.

Ya mwisho ilikuwa Carl Peters, 1941. Peters ni yule mkoloni Watanganyika walimwita Mkono wa Damu, na muvi inamfanya shujaa. Husen aliigiza Ramasan, mwongozaji na mkalimani wake. Kujaza umati, wakaleta wafungwa wa vita weusi. Afrika ya kujitengenezea.

Mwaka huo huo Gestapo wakamshika kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Hakupelekwa kortini. Alitupwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko 24 Novemba 1944. Miaka 40.

2007, kijiwe cha shaba chenye jina lake kiliwekwa mbele ya nyumba alimoishi Berlin. Ile doh hakuwahi kuiona.

Kwa hivyo muvi kama hiyo ikiwekwa tena, muangalie yule wa nyuma. Labda ndiye anadai.