Sokoine alipambana na walanguzi, mimi nikapokea tisheti

Juzi kijiweni Lizaboni, Songea, jamaa mmoja alisema Sokoine ni jina la chuo tu. Tulicheka sana, lakini nilipofika home nikajiuliza, mimi mwenyewe namjua? Nikaenda kumchokoza babu, nikasomasoma, na haya ndiyo niliyokusanya.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli mwaka 1938, mtoto wa wafugaji wa Kimasai. Sekondari alisoma Umbwe, Kilimanjaro. Akajiunga na TANU 1961, na 1965 akawa mbunge. Naibu waziri 1967, Waziri wa Ulinzi 1972, Waziri Mkuu 1977. Vita ya Kagera ilimkuta kwenye kiti hicho. Akakiachia mwaka 1980, lakini Februari 1983 Mwalimu Nyerere akamrudisha.

Alirudi wakati mbaya jamani. Vita ilikuwa imekomba hazina, mafuta bei juu, viwanda havina vipuri. Sabuni, sukari na kanga unatafuta kwa tochi. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, kwa hiyo mwenye pesa hakuhitaji kugombea cheo chochote. Alihitaji ofisa mmoja tu wa kumsainia kibali. Ofisa anapata chake, mzigo unatokea mlango wa uani, wananchi wanabaki kwenye foleni. Yaani serikali ikawa mbili: moja Ikulu, nyingine ghalani kwa mlanguzi.

Machi 1983 msako ukaanza nchi nzima. Watu zaidi ya 1,000 walikamatwa. Bunge likapitisha sheria ya hujuma za uchumi, ikaundwa mahakama maalumu. Babu wakati huo alikuwa na kiduka chake Mfaranyaki. Anasema usiku mmoja alibeba katoni mbili za sabuni akaenda kuzifukia shambani kwenye mihogo, na bibi hakuambiwa. Zikanyeshewa mvua zikaharibika zote. Ajabu ni kwamba huyohuyo babu mpaka leo ukimtaja Sokoine anavua kofia.

Hapa tuwe wakweli. Ile sheria ilikuwa kali kupita kiasi. Mtuhumiwa hapati dhamana, hapati wakili, na ilihesabu makosa yaliyofanyika kabla haijatungwa. Mwenye katoni mbili alitetemeka sawasawa na mwenye ghala zima. Mwaka 1984 ikabidi itungwe sheria nyingine. Ila msidhani Sokoine alichukia kila mfanyabiashara. Ni serikali yake iliyoruhusu mabasi ya watu binafsi Dar es Salaam mwaka 1983, hizi daladala tunazopanda. Ugomvi wake ulikuwa na pesa inayonunua ofisi ya umma.

Tarehe 12 Aprili 1984 alikuwa anatoka Dodoma bungeni kurudi Dar kwa barabara. Alipofika Dakawa, Morogoro, gari lake likapata ajali akafariki, umri miaka 45. Nchi ililia. Maneno ya mitaani kuhusu ajali ile hayajaisha, mimi siongezi langu. Chuo cha kilimo Morogoro kikapewa jina lake.

Sasa tazameni kilichofuata. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye makampuni au mishahara miwili. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kikalegeza masharti hayo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikabadilishwa kuruhusu takrima, eti ni ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mpaka mashirika ya haki yakaenda Mahakama Kuu, ikaifuta mwaka 2006. Katikati hapo, mwaka wa fedha 2005/06, ndipo zilipotoka zile bilioni 133 za EPA pale Benki Kuu, zikaenda kwa makampuni 22. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, ingawa mwenyewe alikana kosa. Naye alikuwa mbunge wa Monduli, kulekule kwa Sokoine!

Ninachokiona mimi, vita ya Sokoine ilikaa kwa mtu mmoja. Alipoondoka, pesa ilirudi taratibu, safari hii kupitia mlango wa mbele, imeshika katiba na sheria mkononi.

Na sisi ndio tuliofungua mlango. Naungama hapa: kampeni moja hapa mjini nilipokea tisheti, kofia na buku tano, nikaimba mpaka sauti ikakauka. Mheshimiwa akapita. Barabara ya mtaani kwetu ni mashimo yaleyale, na sina mdomo wa kumuuliza kwa sababu alishanilipa. Aliyempa yeye pesa za tisheti sijui ni nani, lakini nina hakika huyo simu yake inapokelewa.

Tusisubiri Sokoine mwingine azaliwe. Babu alipoteza katoni mbili za sabuni na bado anamheshimu. Mimi niliuza kura kwa buku tano, na tisheti yenyewe sasa ni ya kudekia.

Dakika zangu za kafe zinaisha. Wewe mdau ulipokea nini? Tupia hapo chini, tusiogopane.