Chifungatumbo na njia ya Fungurume

Kila mtu aliyesukuma pusupusu ya makala mu Lubumbashi anajua hili. Juu ya gudroni, kijana mmoja anatosha. Akiingia mu mchanga wa kartie, anaita wawili wamusaidie, na bado jasho linatoka. Makala ni yale yale, uzito ni ule ule. Kinachobadilika ni udongo. Gurudumu likizama, ni kama linapanda kilima kidogo, na kile kilima hakiishi, kwa sababu linakisukuma mbele yake siku nzima.

Ile hesabu njo ilikaribia kumushinda afisa mmoja Mwingereza kule ku Fungurume, mwaka 1915. Jina lake Geoffrey Spicer-Simson.

Alizaliwa 1876 ku Hobart, kisiwa cha Tasmania, akakomalia Ufaransa, njo maana Kifaransa alikisema vizuri. Akiwa bado kijana mdogo aliingia jeshi la maji la Uingereza. Alipenda kujisifu. Alikuwa na michoro ya nyoka mu mwili, na hadithi za ushujaa ambazo hata rafiki zake hawakuziamini. Kazi yake haikupanda. Mwezi wa 11 wa 1914, Wadachi walizamisha meli yake Niger karibu na pwani ya Uingereza, na yeye alikuwa nchi kavu. Wakubwa wakamuweka mu biro.

Mu ile miaka Wadachi njo walitawala ziwa Tanganyika, na meli zao zilikaa Kigoma. Wabeleji wa ngambo yetu hawakuwa na meli ya kupigana nazo. Mwindaji mmoja, John Lee, akapeleka shauri London: tulete mashua mbili ndogo zenye mwendo mkali, zipande treni toka Cape Town mpaka Katanga, kisha zikokotwe mu pori mpaka ku maji. Maafisa wazuri wote walikuwa na kazi ingine. Basi wakamupa Spicer-Simson.

Alitaka kuziita Paka na Mbwa, kwa Kiingereza. Wakubwa wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, vile watoto wa Ufaransa wanaita paka na mbwa. Siye wa Kiswahili tukisikia mashua inaitwa Mimi, tunacheka, kwa sababu jina lilimufaa mwenyewe sana.

Mwezi wa 7 treni ikafika Elisabethville, mji wetu huu. Mwanzo wa mwezi wa 8 ikafika Fungurume, na pale reli ikaisha. Mbele kulikuwa karibu kilomita 230 mpaka Sankisia, na milima ya Mitumba katikati, mahali pa kupita mita 1,800 toka usawa wa bahari. Kila mashua ilikuwa na urefu wa mita 12 na uzito wa tani nne na zaidi. Masini mbili za mvuke zilikuja kuzivuta, pamoja na makumi ya ngombe.

Hapa bandugu wa mgodi wanisikilize vizuri. Masini ya mvuke ina nguvu, lakini nguvu yake ni uzito wake, na ule uzito njo adui. Ilipopanda juu ya daraja la miti, daraja lilivunjika. Ilipoingia mu udongo laini, ilizama, na nguvu yote ikaishia kuchimba shimo. Dawa haikuwa kuongeza moto. Dawa ilikuwa chini ya gurudumu: kukata miti na kung'oa visiki, kupanga magogo ili uzito ugawanyike, kujaza mashimo, kusimamisha madaraja kama 150. Mu mlima mkali walifunga kamba na puli ku mti mkubwa, ngombe wakavuta wakishuka, na mzigo ukapanda. Mlima haukupungua, lakini kila hatua ilidai nguvu kidogo zaidi kuliko kwanza.

Ilikuwa kiangazi, maji ya kunywesha masini yakakosa. Bamama wa vijiji wakayaleta juu ya kichwa, mu vyungu. Na saa ilikuwa inakimbia: mvua ikianza, ile njia yote ingekuwa tope.

Tarehe 28 mwezi wa 9 walifika Sankisia. Toka pale treni ndogo mpaka Bukama, kisha mto Lualaba, ambao ulikuwa umekauka sana. Wakafunga mapipa ku mashua ili zielee juu zaidi, zisikwaruze mchanga. Ni hesabu ile ile, mu maji. Toka Kabalo treni ikawafikisha Lukuga, leo Kalemie, mwisho wa mwezi wa 10.

Tarehe 26 mwezi wa 12 walikamata meli Kingani. Tarehe 9 mwezi wa 2 wa 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Spicer-Simson, aliyevaa kitambaa kama sketi kwa sababu ya joto, Waholoholo wakamuita Bwana Chifungatumbo. Lakini mu mwezi wa 6 alikataa kushambulia Wadachi ku Bismarckburg, nao wakaponyoka. Akarudi Uingereza mgonjwa, na medali zake. Baadaye alikuwa katibu mkuu wa biro ya dunia ya kupima bahari, kule Monaco. Alikufa Kanada mwaka 1947.

Ni yeye anayekumbukwa mu vitabu. Lakini ni nani alifikisha Mimi na Toutou? Ni wale waliopanga magogo. Ni wale bamama wa vyungu. Majina yao hakuna aliyeyaandika, na medali hawakupata.

Siye wa syndika tunaona jambo hili mpaka leo. Chefu anahesabu tani, anasifu masini mpya. Mtu wa kusafisha reli ya wagoneti, wa kutia grisi ku magurudumu, wa kusawazisha njia ya kamyo, anahesabiwa kama mtu wa ovyo, na ni wa kwanza kuondolewa kazini. Halafu wagoneti inakuwa nzito, mgongo wa msukumaji unavunjika, na watu wanauliza sababu.

Ukitaka mzigo utembee, lipa kwanza mtu wa njia. Kule Mitumba walijifunza hivyo, na ni babu zetu njo waliwafundisha.